Vifaa vya kuongoza sindano ya epidura: hospitali ya mkoa ianze na kipi?

Usingizi_Kusini ameuliza:

Habari za kazi, ndugu wataalamu. Ninafanya kazi ya usingizi katika hospitali ya rufaa ya mkoa, kusini mwa Tanzania. Kwa miaka mingi kazi yetu ya mgongoni imekuwa ganzi ya spaino (dawa inayochomwa mara moja ndani ya maji ya uti wa mgongo) kwa kina mama wanaofanyiwa upasuaji wa kujifungua. Sasa uongozi umekubali tuanze kutoa ganzi ya epidura (dawa inayowekwa nje kidogo ya dura, utando unaozunguka uti wa mgongo na maji yake) kwa wanaojifungua kwa njia ya kawaida, tukianza na wale wenye shinikizo la juu la damu la ujauzito na wenye magonjwa ya moyo, ambao maumivu makali ya uchungu yanaweza kuwahatarisha kweli.

Wakala wa vifaa tiba ametuletea orodha yenye vitu vitatu. Cha kwanza ni bomba la sindano lenye springi, ambalo kisukumio chake husogea chenyewe ncha ya sindano inapoingia kwenye nafasi ya epidura. Cha pili ni mashine inayopima shinikizo kwenye ncha ya sindano na kutoa mlio unaobadilika kadiri shinikizo linavyobadilika. Cha tatu ni ultrasaundi ndogo ya kushika mkononi, ambayo programu yake hutambua yenyewe mstari wa kati wa mgongo na kukadiria kina. Kamati ya ununuzi inataka nijibu kwa maandishi tununue kipi, na fedha zinatosha kimoja tu.

Ninaomba maoni ya waliowahi kuvitumia. Je, vinapunguza kweli kutoboa utando wa dura? Na je, kwa hospitali inayoanza, kipi kina manufaa zaidi kwa mama anayelala pale kitandani?

Daktari_Mwandamizi_Dar amejibu:

Mwenzetu, hongera kwa hatua hiyo, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kuweka sahihi. Mimi ningeanza kwa kutenganisha maswali mawili ambayo orodha ya wakala imeyachanganya. Swali la kwanza ni sindano iingie wapi na kwa mwelekeo gani, na swali hili hujibiwa kabla ngozi haijachomwa. La pili ni sindano isimame wapi, na hili hujibiwa wakati sindano iko ndani. Bomba la springi na mashine ya shinikizo vyote viwili vinajibu swali la pili, wakati ultrasaundi inajibu hasa lile la kwanza.

Swali la pili ni la zamani sana, na majibu yake yote yana ukoo mmoja. Daktari wa jeshi la Hispania, Fidel Pagés, alieleza ganzi ya epidura ya kiunoni mwaka 1921, naye alitegemea hisia za vidole vyake sindano ilipopita kwenye kano. Baadaye Dogliotti wa Italia akaeneza njia ya kusukuma bomba na kungoja ukinzani upotee ghafla, na Gutiérrez wa Argentina akaeleza mwaka 1933 njia ya tone la maji linaloning'inia kwenye kitako cha sindano na kuvutwa ndani. Mwaka 1950 Macintosh wa Oxford akatengeneza kiputo kidogo cha mpira kinachonywea sindano inapofika. Bomba la springi la leo ni mjukuu wa hivyo vyote. Linafanya kazi ya kidole gumba kwa usawa zaidi na kuiacha mikono yote miwili ishike sindano, jambo ambalo si dogo, lakini kanuni yake ni ileile ya kupotea kwa ukinzani na udhaifu wake ni uleule.

Udhaifu huo unafaa kuuelewa vizuri. Sindano ya Tuohy, ile nene ya epidura, hupita ngozi, mafuta, kano ya juu ya miiba ya pingili, kano iliyo katikati ya miiba hiyo, kisha kano ya njano, na nyuma yake tu ndipo ilipo nafasi tunayoitafuta, ambayo kiunoni kwa kawaida haizidi milimita 5 au 6 kwa upana. Kwa mama mjamzito kano hulegea, na kano ya njano yenyewe wakati mwingine haikuungana vizuri katikati. Hivyo unaweza kupata upotevu wa uongo wa ukinzani ncha ikiwa bado kwenye sehemu laini kati ya miiba, au imepotoka pembeni na kuingia kwenye misuli, na springi itasogea vilevile kama ambavyo kidole chako kingesogea. Unaweza pia kuvuka kano bila kuhisi tofauti kubwa na kugota kwenye dura. Katika mikono yenye uzoefu, kutoboa dura hutokea kwa takriban mama 1 kati ya 100, na zaidi ya nusu ya wanaotobolewa kwa sindano nene kama ya Tuohy hupata maumivu makali ya kichwa yanayozidi wakikaa au wakisimama. Mama mwenye mtoto mchanga asiyeweza kuketi anyonyeshe ni jambo zito, na ndiyo maana sipendi linapozungumzwa kana kwamba ni usumbufu wa siku mbili.

Mashine ya shinikizo, ile iitwayo CompuFlo, iliyopata idhini ya FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2017, imepiga hatua mbele ya springi katika jambo moja. Inasukuma maji ya chumvi polepole na kupima shinikizo muda wote, kwa hiyo huonyesha shinikizo likipanda ncha ikiwa ndani ya kano ya njano, likianguka ghafla, kisha likibaki chini kwa utulivu. Upotevu wa uongo hauna utulivu huo, kwani shinikizo huanguka na kupanda tena. Tofauti hiyo ni ya kweli na ina thamani.

Hata hivyo, kwa hospitali yako ningeweka fedha kwenye swali la kwanza. Sehemu kubwa ya shida ninazoitwa kusaidia hutokana na sindano kuingia mahali pasipofaa: mama mnene ambaye miiba ya pingili haipapasiki, mgongo uliopinda, au nafasi iliyodhaniwa kuwa ya L3 na L4 (kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno) ambayo kwa kweli iko juu zaidi. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 ulilinganisha makisio ya madaktari wa usingizi waliopapasa mgongo na picha za MRI, na walitaja nafasi sahihi kwa asilimia 29 tu, huku makosa mengi yakiwa ya kuwa juu ya pale walipodhani. Kwa watu wazima wengi uti wa mgongo huishia karibu na L1 na L2, kwa hiyo kosa la namna hiyo linahusu hata spaino mnazotoa kila siku.

FundiVifaaTiba amejibu:

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuhudumia mashine hospitalini, na ninaomba niongeze upande ambao wakala huupitia haraka.

Muulizeni bei ya kila mgonjwa, msiishie kwenye bei ya mashine. Bomba la springi hutumika mara moja na kutupwa. Mashine ya shinikizo nayo inahitaji bomba na mpira wake maalumu kwa kila mama, kutoka kwa mtengenezaji huyohuyo. Shehena ya kwanza ikiisha na oda ya pili ikachelewa bandarini au kwenye mchakato wa zabuni, mashine itakaa kabatini ikiwa nzima kabisa, na hilo ndilo linalonihuzunisha zaidi katika kazi hii. Ultrasaundi inahitaji jeli, umeme na betri.

Jambo la pili ni viungio. Baadhi ya nchi, Uingereza ikiwamo, zimehamia kwenye viungio vya kiwango cha ISO 80369-6, vinavyojulikana kama NRFit, ambavyo vimebuniwa visiingiliane na viungio vya kawaida vya Luer ili dawa ya mshipani isipelekwe mgongoni kwa bahati mbaya. Ni wazo zuri sana. Lakini kama sindano zenu za Tuohy ni za Luer na kifaa kipya kikaja na NRFit, au kinyume chake, havitaunganika, na mtagundua mama akiwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda. Muulizeni wakala kwa maandishi ni kiungio gani, na ombeni sampuli mjaribu kwa sindano zilizopo stoo. Ombeni pia uthibitisho wa usajili kutoka Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Jambo la tatu ni swali kwako. Je, chumba chenu cha kina mama hakina tayari mashine ya ultrasaundi ya kupimia ujauzito? Probu yake iliyopinda (kile kipande kinachoshikwa na kuwekwa mwilini), ya masafa ya chini ya megahezi 2 hadi 5, ndiyo hiyohiyo inayofaa kuangalia mgongo wa kiunoni.

Usingizi_Kusini amejibu:

Shikamoo Daktari, na nakushukuru sana fundi. Mashine ya ultrasaundi tunayo, na asubuhi hutumika kliniki ya wajawazito, lakini kuanzia mchana mara nyingi imekaa tu. Sikuwa nimefikiria kwamba probu ya tumbo inaweza kuonyesha mgongo, kwa sababu nilidhani mifupa huzuia picha. Je, inawezekana kweli, au ni lazima tununue ile ndogo inayotambua yenyewe?

MpimajiPicha_Moshi amejibu:

Marahaba kwa niaba ya Daktari, na karibu upande wetu. Ni kweli mfupa huzuia mawimbi: huonekana kama mstari mweupe na nyuma yake kivuli cheusi. Ila kati ya pingili na pingili kuna dirisha, na kazi yote ni kulitafuta dirisha hilo. Nitaeleza tunavyofanya, kwa sababu wengi wameambiwa ni jambo gumu na wakaliacha.

Mama akae vile atakavyokaa wakati wa sindano, mgongo ukiwa umekunjwa, kwa sababu akibadilisha mkao baadaye alama zote zitakuwa zimehama. Weka kina cha picha kiasi cha sentimita 8 hadi 10, na zaidi kwa mama mnene. Anza chini. Simamisha probu kwa urefu wa mgongo, sentimita 2 au 3 pembeni mwa mstari wa kati, juu ya sakramu (mfupa ulio chini ya pingili za kiuno, ambao sehemu yake ya kwanza ni S1), ukiielekeza kidogo kuelekea katikati. Sakramu huonekana kama mstari mrefu mweupe usiokatika. Panda polepole mpaka mstari huo ukatike: pengo hilo la kwanza ni kati ya L5 na S1. Ukiendelea kupanda, mifupa ya pingili hupangika kama meno ya msumeno, na kila pengo kati ya meno mawili ni nafasi moja. Hesabu moja moja na uweke alama ya kalamu kwenye ngozi kwa kila nafasi. Hapo tayari umeshaliondoa tatizo lile la asilimia 29 alilolitaja Daktari.

Kisha geuza probu ilale kwa upana wa mgongo, katikati. Ukiwa juu ya mwiba wa pingili utaona kivuli cheusi kinachoshuka wima, nacho ndicho kinachokuonyesha mstari wa kati hata kwa mama ambaye hupapasi kitu. Sogeza juu au chini kidogo, au inamisha probu, mpaka kivuli kipotee na ujitokeze mistari miwili myeupe iliyo sambamba, mmoja juu na mwingine chini yake. Mstari wa juu ni kano ya njano pamoja na dura ya nyuma, ambavyo mara nyingi huonekana vimeungana. Wa chini ni dura ya mbele na mgongo wa mwili wa pingili. Ukiiona yote miwili vizuri, ujue dirisha liko wazi na sindano ina njia. Ukiona wa juu tu, au usione wowote, jaribu nafasi nyingine kabla ya kumchoma mama.

Gandisha picha, pima kutoka kwenye ngozi hadi mstari wa juu, na uandike. Kwa kina mama wengi kina huwa kati ya sentimita 4 na 6. Weka alama katikati ya kila upande wa probu, ondoa probu, unganisha alama hizo, na pale zinapokutana ndipo sindano inapoingia. Usisahau kukumbuka ulivyoinamisha probu, kwa sababu sindano inapaswa kufuata mwinamo huohuo. Hili ndilo wanaoanza husahau, halafu wakasema picha iliwadanganya.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba inawezekana. Ile ndogo inayotambua yenyewe, kama Accuro, inamsaidia mtu asiyezoea kusoma picha, na ina faida ya kubebeka hadi kitandani. Hospitali isiyo na mashine kabisa ningeishauri iifikirie. Nyinyi mnayo tayari.

Usingizi_Muscat amejibu:

Salamu kutoka Oman. Nimesoma kwa makini, na ninaomba kutofautiana kidogo na Daktari wa Dar kuhusu mashine ya shinikizo, hasa kwa sababu ndugu yetu anaanzisha huduma na bila shaka atafundisha wengine.

Ugumu mkubwa wa kufundisha epidura ni kwamba kinachoamua kila kitu kiko kwenye vidole vya mwanafunzi, na mwalimu aliyesimama pembeni hakihisi. Mwanafunzi anasema ameingia, na mwalimu hana namna ya kujua ila kuishika sindano mwenyewe. Mashine inayotoa mlio na mchoro inawaweka wote wawili mbele ya taarifa moja: mwalimu anasikia shinikizo likipanda, anasema polepole, anaona linaanguka, anasema simama. Kwa hospitali ya kufundishia ninaiona thamani hiyo kuwa kubwa. Ultrasaundi ya kabla ya sindano haitoi hilo. Kuiongoza sindano huku ukiitazama kwenye skrini, jambo ambalo NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ililizungumzia katika mwongozo wake wa mwaka 2008, linahitaji mikono ambayo mtu mmoja hana, na sindano ikiingia katikati huonekana kwa shida.

Ninaongeza tahadhari moja kwa waliozoea tone linaloning'inia. Kiunoni, kwa mama aliye kwenye uchungu na aliyekaa, shinikizo kwenye nafasi ya epidura linaweza kuwa chanya, na tone likakataa kuvutwa hata kama umefika. Msilitegemee peke yake.

Daktari_Mwandamizi_Dar amejibu:

Nimekuelewa, mwenzangu wa Muscat, na kuhusu kufundisha nakubaliana nawe bila shida. Kama hospitali ya ndugu yetu ingekuwa na epidura nyingi kwa siku na wanafunzi wengi, ningebadilisha mpangilio wangu. Lakini anaanza na kina mama wachache waliochaguliwa, wenye hali nzito, na fedha za kifaa kimoja, na tayari ana mashine inayokaa bure mchana. Kwa hali hiyo bado nasema: jibu kwa kamati kwamba kwa sasa hakuna haja ya kununua chochote kati ya vile vitatu, na uombe fedha zielekezwe kwenye mafunzo, sindano bora za Tuohy zenye alama za kila sentimita, na probu ya akiba.

Nasema mafunzo kwa kusisitiza. Watafiti wa Toronto walionyesha mwaka 2010 kwamba mafundisho ya awali pamoja na kupima migongo 20 hayakutosha kuwafikisha madaktari wa usingizi kwenye umahiri kamili wa kusoma picha hizo. Asije mtu akaangalia migongo mitatu kisha akaandika ripoti kwamba ultrasaundi haifanyi kazi.

Bahati yenu ni kwamba mnatoa spaino nyingi. Fanyeni mazoezi hapo. Kwa mama asiye wa dharura, pima kwanza, andika nafasi na kina ulichokadiria, kisha fanya spaino kama kawaida na uandike sindano imeingia kiasi gani maji ya uti wa mgongo yalipotoka. Spaino hupita dura kidogo, kwa hiyo itazidi makisio yako kwa milimita chache, lakini daftari hilo litakuonyesha jicho lako linavyonoleka. Mama mwenye dharura asicheleweshwe kwa ajili ya picha.

Na kifaa chochote mtakachotumia hakiondoi hatua za baadaye. Hakuna hata kimoja kati ya vile vitatu kinachokuhakikishia kwamba katheta (mpira mwembamba unaoachwa ndani ili kupitisha dawa) haikuingia kwenye mshipa au haikupenya dura baada ya sindano kutolewa. Vuta kwa bomba tupu, kisha toa dozi ya majaribio, kwa kawaida lidokaini miligramu 45 yenye adrenalini maikrogramu 15, angalia mapigo ya moyo na nguvu za miguu, na kwa mama mwenye shinikizo la juu au ugonjwa wa moyo jadili mapema kama adrenalini hiyo inamfaa. Pima pia chembe sahani za damu, zile zinazosaidia kuzuia damu kuvuja, kwa wale wenye shinikizo la ujauzito kabla ya kufikiria sindano yoyote, maana zikiwa chache ndipo hatari ya damu kuvuja na kukusanyika ndani ya mfereji wa uti wa mgongo inapotokea.

Usingizi_Kusini amejibu:

Nashukuru sana nyote. Nitaandika kwa kamati kama Daktari alivyoshauri, na nitaomba mashine ya kliniki tuipate kila siku mchana. Swali la mwisho kwa mpimaji: sindano ikifika kina kilichoandikwa na ukinzani haujapotea, nisimame au niendelee?

MpimajiPicha_Moshi amejibu:

Kina cha picha hukuambia wapi uanze kuwa mwangalifu, hakikuambii usimame. Probu hugandamiza mafuta ya mgongo, kwa hiyo kipimo cha picha mara nyingi huwa kifupi kidogo kuliko safari halisi ya sindano, na kwa mama mnene tofauti huongezeka. Sindano iliyoinama kuliko probu nayo husafiri zaidi. Kwa hiyo unapokaribia sentimita moja kabla ya kina kilichoandikwa, badili mwendo uwe wa milimita kwa milimita, huku bomba la maji ya chumvi likiwa limeunganishwa na kidole kikisukuma muda wote. Ukikipita kina hicho kwa zaidi ya sentimita moja bila mabadiliko yoyote, basi huenda umetoka kwenye mstari: rudi nyuma hadi chini ya ngozi na uangalie mwelekeo upya, usizidi kusonga mbele.

Kabla ya kuvaa glovu tasa, futa jeli yote ngozini, kisha safisha kwa dawa na uiache ikauke, maana jeli haitakiwi kuingizwa na sindano mgongoni. Ukitumia kalamu ya kawaida, alama itafutika pamoja na jeli. Bonyeza ngozi kwa kitako cha kifuniko cha sindano pale mistari inapokutana, na kishimo kitabaki muda wa kutosha.

FundiVifaaTiba amejibu:

Nyongeza fupi kuhusu probu hiyo mtakayoshirikiana na kliniki: baadhi huharibika mpira wake zikifutwa kwa spiriti, kwa hiyo someni maelekezo ya mtengenezaji kabla ya kuchagua dawa ya kusafishia. Isianguke hata mara moja, na mkiona mstari mweusi wa wima ambao hauhami kwenye picha hata mkihamisha probu, mwiteni fundi wenu kabla ya kupima mama mwingine.